Lenzi ya Kila Kitu

Lenzi zilikuwa mbili juu ya kaunta, na Carita Norell alikuwa amezigeuzageuza kwa nusu saa nzima bila kukata shauri. Ya kwanza ilikuwa ya mkono wa pili, fupi, nene, nzito kama tofali, yenye mdomo mpana unaomeza mwanga hata mahali pa giza. Ya pili ilikuwa mpya na nyepesi. Ukiizungusha pete yake ilijivuta mbele ikarefuka karibu mara mbili, na ikakuonyesha kila kitu, kuanzia ukumbi uliojaa watu mpaka kope za mtu aliyesimama ng'ambo ya mto. Bei ilikuwa moja, krona elfu tisa na mia nane. Carita hakuwa na pesa ya hata moja kati yake.

"Ingekuwa mimi, ningechukua fupi," alisema Holger, mwenye duka. Alikuwa na miaka sabini na moja, na ndiye aliyemuuzia Carita kamera ya kwanza maishani mwake. Siku hizi aliishi kwa kupiga picha za pasipoti na kuuza betri na wino wa printa.

"Wewe hukuandikiwa barua na Jesper wa halmashauri."

"Jesper anajua nini habari ya lenzi?"

"Hajui kitu. Lakini ndiye mwenye kazi." Carita aliichukua tena ile ndefu. "Anataka mtu wa kutembea mjini mwaka mzima na kamera moja. Shuleni, kwa wazee, barabarani, theluji ikianguka, theluji ikiyeyuka. Hataki nibebe begi la lenzi nne na kuinamainama mbele ya watoto. Kaniambia, lenzi moja, Carita, ya kila kitu. Asubuhi ya sikukuu ya Lucia ndiyo ya majaribio. Nikimpendeza, tunasaini siku hiyohiyo."

"Mtaka yote hukosa yote."

"Na asiye na chochote, Holger, yeye hukosa nini?"

Mzee alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha kaunta ambacho hakikuwa na vumbi. Alijua, kama mji wote wa Granfors ulivyojua, kwamba gazeti la hapo lilipowaondoa wapiga picha wake watatu, Carita akiwamo, lilichukua na kamera, na lenzi, na hata mikanda ya kuvalia shingoni, maana vyote vilikuwa mali ya gazeti. Alibaki na kamera yake mwenyewe na lenzi moja ya zamani isiyofika mbali. Miaka ishirini na mitatu Carita alikuwa akiingia duka hili kama bibi wa mji, anaagiza, anaondoka, hesabu inapelekwa ofisini. Sasa alikuwa anauliza bei mara mbili mbili, na aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Niwekee zote mpaka kesho," alisema.

"Nitakuwekea hata wiki nzima," Holger alijibu. "Nani mwingine atazinunua?"

* * *

Nyumbani mumewe, Roine, alikuwa amekaa mezani na bakuli la uji wa oti, akiula kwa upande mmoja wa mdomo. Shavu la kulia lilikuwa limevimba. Daraja la meno yake ya mbele ya bandia lilivunjika miaka miwili nyuma, na mizizi iliyobaki chini yake ikaanza kuoza mmoja baada ya mwingine. Katika nchi ile ukivunjika mguu unatibiwa kwa bei isiyomuumiza mtu. Jino ni shauri lako na mfuko wako. Tangu hapo Roine alikuwa hacheki mbele za watu bila kuweka kiganja mdomoni, na yeye alikuwa mtu wa kucheka, wakati ule bado anafanya kazi kiwanda cha mbao na mgongo wake haujamsaliti.

"Wamepiga simu," alisema, kiganja mdomoni hata mbele ya mkewe. "Nimepata miadi, tarehe kumi na tisa. Watang'oa mizizi yote na kuanza kuniwekea mengine. Wanataka elfu kumi na mbili za mwanzo, papo hapo."

"Na tunazo kumi na nne na mia mbili."

"Tunazo." Alimtazama. "Lenzi ni kiasi gani?"

Carita alivua koti polepole. Alikuwa ameomba Mungu asiulizwe swali hilo, na alijua kwamba ataulizwa.

"Sijaamua hata nitachukua ipi."

"Sikukuuliza ipi."

"Tisa na mia nane."

Roine alikoroga uji. Nje jirani alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, kwa hasira, kama kila mtu afanyavyo mwezi wa Desemba. "Jesper akisaini?"

"Halmashauri inatanguliza malipo ya mwezi wa kwanza. Elfu kumi na tano, tarehe kumi na tano."

"Basi hesabu imekwisha. Chukua za meno. Ikifika kumi na tisa zitakuwa zimerudi na watoto wake."

"Na asiposaini?"

"Asiposaini, Januari pesa yako ya kukosa kazi inakatika, na tutakuwa wawili hatuna mbele wala nyuma. Wakati huo meno ya nini? Nitatafuna nini?" Alicheka, akaumia, akashika shavu. "Meno yamengoja miaka miwili, mke wangu. Wiki moja haitayaua."

"Usiku unalia, Roine. Unadhani nimelala."

Carita alienda akakaa mkabala naye, akaanza kumweleza habari za lenzi, maana lenzi ilikuwa rahisi kuzungumzwa kuliko kilio. Alimwambia ile fupi ingefaa kanisani, kwa sababu kanisa la Granfors lina giza na taa zote huzimwa msichana aliyechaguliwa kuwa Lucia akiingia na taji la mishumaa kichwani, inabaki mishumaa tu. Lakini ile fupi haimfikii mtoto aliye madhabahuni, na Jesper anataka sura za watoto. Ile ndefu inafika, ila kwenye giza itabidi kuilazimisha. Alikunja ngumi akachungulia ndani ya tundu, akampima mumewe kutoka upande wa pili wa meza, kisha akasimama akampima kutoka mlangoni. Alirudi, akaenda tena.

"Mchagua jembe si mkulima," Roine alisema hatimaye. "Nunua ukalime."

Carita alicheka, na alipocheka alijua kwamba amekwisha kuchagua. Angechukua ndefu. Si kwa sababu ilikuwa bora. Angeichukua kwa sababu mtu mmoja, baada ya miezi kumi na minne ya kimya, alikuwa amemwambia anataka kitu kutoka kwake, na alikuwa tayari kumpa hata angetaka mwezi.

* * *

Asubuhi ya Lucia ilikuwa na baridi ya nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Saa kumi na mbili kamili Carita alikuwa ndani ya kanisa tayari, kamera shingoni, ikipata joto pamoja naye. Huko kaskazini hata mtoto anayeanza upigaji picha hufundishwa jambo hilo kwanza: kamera ikitoka kwenye baridi kali usiiingize ndani ikiwa wazi, vioo vyake vitashika ukungu wa mvuke. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, ungoje nusu saa. Carita alikuwa na mfuko wa mkate ndani ya koti, lakini hakutarajia kuuhitaji. Mpango ulikuwa akae ndani tangu mwanzo.

Jesper aliingia akipiga miguu kuondoa theluji. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ofisa habari wa halmashauri, mwenye skafu ya rangi ya haradali na adabu nzuri.

"Dada, kuna mabadiliko kidogo," alisema. "Mwenyekiti anataka picha za nje kwanza. Wasichana wanatoka nyumba ya parokia na mienge, wanakuja mpaka langoni. Halafu unaingia nao."

"Tulisema ndani tu."

"Najua. Lakini kumependeza sana huko nje."

"Jesper, kamera ikikaa nje kwenye baridi hii halafu iingie humu, inataka nusu saa ndani ya mfuko."

"Nusu saa?" Alitabasamu, wala hakuwa na ubaya. "Si ndiyo maana umenunua hiyo ya kila kitu?"

Angeweza kusema hapana. Baadaye alilirudia neno hilo mara nyingi moyoni, kwa kila sauti. Hapana, haiwezekani, chagua moja. Lakini mtu aliyekaa mwaka na zaidi bila kazi husahau namna ya kulitamka. Tena alikuwa na sababu yake. Lenzi za gazeti zilikuwa zimefungwa kabisa, haziingizi hata punje ya vumbi, wala hazirefuki. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa ametoka nazo kwenye baridi na kuingia nazo kwenye kumbi za joto, ukungu ukishika kioo cha mbele, akafuta kwa mkono wa sweta, akaendelea na kazi. Aliamini atafuta tena.

"Nitaweza," alisema.

Na huko nje aliweza kweli. Theluji ilikuwa ya buluu, mienge ikaja katika mstari, wasichana ishirini na wawili wenye kanzu nyeupe juu ya sweta nene. Alizungusha pete ya lenzi, mstari wote ukaingia kwenye picha. Akazungusha tena, sura moja ikajaa. Hakubadilisha kitu, hakuinama, hakumsumbua mtu. Jesper alimpita akamwinulia dole gumba, na moyo wa Carita uliruka kama wa msichana.

Langoni mwa makaburi maandamano yalisimama ili Lucia awashiwe mishumaa ya taji. Mwaka ule Lucia alikuwa Tindra, mjukuu wa Holger. Carita alikuwa umbali wa hatua themanini, kwenye kivuli cha ukuta. Kupitia lenzi alimwona Holger kwa ubavu, kofia yake ya manyoya, akishika kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikuwa Ingegerd, mkewe, aliyepigwa na kiharusi majira ya kuchipua. Tindra alipiga magoti kwenye theluji ili bibi yake alifikie taji. Mkono wa bibi ulitetemeka sana, kiberiti kikazima, akawasha kingine. Mshumaa wa kwanza ukashika. Msichana aliinua macho, nusu anacheka, nusu anaogopa nywele zisiungue, na bibi yake, ambaye nusu ya uso wake ilikuwa haifanyi kazi tena, alicheka na nusu iliyobaki.

Carita alibonyeza mara moja. Aliitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera, na hakuhitaji kuitazama mara ya pili. Alikuwa hajapiga picha kama ile miaka kumi. Alitamani kumwonyesha mtu hapohapo, lakini mlango wa kanisa ulikuwa umefunguka na wimbo umeanza.

* * *

Ndani walikuwa watu mia nne na makoti yao mabichi. Taa zilizimwa. Carita alipenya pembeni mpaka karibu na madhabahu, akapiga goti, akainua kamera, akaona weupe mtupu kama maziwa.

Alifuta kioo cha mbele kwa mkono wa sweta. Akaona maziwa. Akafuta tena, kwa nguvu, akazungusha pete kumtafuta Lucia, na lenzi ikajivuta mbele ikinyonya pumzi ya watu mia nne ndani ya tumbo lake la barafu. Hapo ndipo alipoelewa. Ukungu haukuwa nje ya lenzi. Ulikuwa ndani, kati ya kioo na kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki wala kidole, na kila alipozungusha aliuongeza.

Tindra alipita mbele yake, taji linawaka, karibu kiasi cha kumgusa kanzu. Carita alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na doa la njano ndani ya pamba. Alivua kamera akaifumbata kifuani chini ya sweta, kama mtu anayemtia joto kifaranga. Alitoa simu mfukoni, simu ya zamani. Ilikuwa imekufa kwa baridi. Aliibonyeza mpaka kidole kikauma.

Wimbo wa pili ukaisha. Watoto wadogo wakasoma mashairi yao. Mwenyekiti wa halmashauri, mstari wa mbele, aligeuka akamtazama mwanamke aliyechutama pembeni na mikono ndani ya nguo zake, kisha akageuka tena kwa adabu. Dakika ishirini na tano nzima Carita alikaa pale. Ukungu ulianza kuachia pembeni mwa kioo wakati Lucia anatoka mlangoni na mtu anawasha taa za umeme.

Walinywa kahawa na mikate ya zafarani katika ukumbi wa parokia. Jesper alimjia na kikombe mkononi.

"Za ndani zimetokaje?"

"Hazikutoka."

"Hazikutoka zote?"

"Ukungu, Jesper. Nilikwambia." Aliisikia sauti yake inavyoomba, akaichukia. "Lakini za nje ni nzuri. Kuna moja, ngoja uione."

"Nitumie ukipata nafasi." Alionekana kuumia kwa ajili yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tatizo mwenyekiti alitaka ya madhabahuni. Ila usijali sana, mimi mwenyewe nilipiga kidogo." Alitoa simu yake mfuko wa ndani, yenye joto, akamwonyesha. Lucia madhabahuni. Lucia na mwenyekiti. Watoto wote, kila mmoja na sura yake. Hazikuwa na roho, lakini zilikuwa safi. "Unaona? Zinatosha kabisa kwa matumizi yetu. Na kusema kweli, mwenyekiti ameniuliza, sasa mpiga picha tunamlipia nini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia tutalizungumza." Alimgusa bega. "Tutakutafuta, dada. Chukua mkate."

Carita alichukua mkate. Aliutafuna wote amesimama, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na watu walipita wakamsalimu.

* * *

Alimwambia Roine palepale mlangoni, kabla ya kuvua viatu, asije akapata nafasi ya kupamba. Roine alimsikiliza akiwa ameegemea ukuta. Uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka shingoni na macho yake yaling'aa kwa homa.

"Kwa hiyo hakuna mkataba."

"Hakuna."

"Basi." Alivuta pumzi. "Basi, basi. Maji yakimwagika hayazoleki." Lakini akaenda jikoni, na Carita akasikia anafungua kabati na kufunga, anafungua na kufunga. Aliporudi alikuwa na boksi la lenzi.

"Duka linapokea vitu vinavyorudishwa ndani ya siku thelathini," alisema. "Mradi havijatumika."

"Nimeitumia, Roine. Umeniona nikitoka nayo."

"Mimi nimekuona. Wengine wameona kamera tu, nani anayejua lenzi?"

Carita alimtazama mumewe. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi madukani kilomita kumi kwa sababu walimzidishia chenji. Na Roine aliyajua anayoyafikiria mkewe, maana hakuweza kumtazama usoni.

"Sitasimama hapa nikajifanya mtakatifu," alisema, kiganja mdomoni. "Inauma, Carita. Nimechoka. Kama zile pesa hazirudi kabla ya kumi na tisa sijui nitafanya nini. Nasema kweli, sijui."

Ilitosha. Waliifanya kazi hiyo wawili, mezani. Ukungu ulikuwa umekauka bila kuacha alama. Roine alipangusa mwili wa lenzi kwa shati lake la flana, akatoa nyuzi za sweta kwenye pete kwa sindano, Carita akarudisha kifuniko cha mbele, na cha nyuma, na kijaruba cha plastiki, na kijitabu ambacho hakikufunguliwa. Waliubandika tena ule utepe wa gundi wa boksi juu ya alama yake ya zamani. Walifanya vizuri, kama watu waliozoea.

* * *

Kesho yake Holger alikuwa peke yake dukani. Carita aliweka boksi kwenye kaunta na kusema kabla hajaulizwa.

"Nairudisha. Sikuitumia kabisa. Niliiangalia nyumbani nikaona haitanifaa, nikaenda na ile yangu ya zamani."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya Carita ilikuwa na urefu wa kaunta. Holger alimtazama. Alifungua boksi, akaitoa lenzi, akazungusha pete mara moja, akainua kwenye taa. Aliirudisha ndani taratibu.

"Roine hajambo?"

"Ana homa. Tarehe kumi na tisa anakwenda kwa daktari wa meno."

"Aa." Mzee alivuta kitabu cha stakabadhi, kile cha kuandika kwa mkono ambacho wenzake wote walikwisha kukitupa. Aliandika kwa muda mrefu, mistari miwili mitatu, akamgeuzia atie saini. Carita alitia saini bila kusoma. Pesa zilirudi kwenye kadi, zote, elfu tisa na mia nane. Carita alikunja stakabadhi na kuitia mfukoni.

"Carita."

Alikuwa amefika mlangoni.

"Sitaki kukusumbua. Ni Ingegerd." Holger alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kaunta. "Jana pale langoni, alipomwashia Tindra taji. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kiti. Tangu jana anajaribu kuniambia kitu, maneno hayatoki, anaonyesha kichwani tu, anacheka. Mwakani sijui kama nitakuwa naye. Nikafikiri, labda wewe ulikuwa upande ule. Labda unayo hata moja."

Carita alikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kamera, ndani ya begi, kwenye bega lake. Aliiona kama anavyomwona mzee huyu. Na aliona yote mengine pia. Picha ile ilipigwa kutoka hatua themanini, na lenzi yake ya zamani haifiki hata nusu ya hizo. Tena kila picha hubeba ndani yake jina la lenzi iliyoipiga, na mtu wa kwanza Granfors kulisoma angekuwa huyu. Mtego, aliwaza. Ananitega. Nikisema ndiyo, pesa zinarudi upande ule wa kaunta.

"Hapana," alisema.

"Hata moja?"

"Hazikutoka, Holger. Palikuwa na giza. Hakuna hata moja."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. "Haya. Hamna neno," alisema. "Msalimie Roine."

* * *

Roine alikuwa amewasha jiko la kuni. Carita hakuvua koti. Alitoa kamera, akafungua kijumba cha pembeni, akatoa ile kadi ndogo ya kuhifadhia picha. Aliishika kwenye kiganja. Jesper alikuwa amekwisha kumwomba za nje, ipo siku angeziuliza, na Granfors ni mji ambao picha ikitundikwa asubuhi, jioni imeonwa na wote. Kufuta hakutoshi. Mtu wa kazi ile anajua kwamba picha iliyofutwa hufufuliwa, yeye mwenyewe alikwisha kuwafufulia watu picha za harusi. Alifungua mlango wa jiko akaitupa kadi ndani. Plastiki ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wa harufu mbaya, kisha ikawa haipo.

"Umechoma nini?" Roine aliuliza kutoka mezani.

"Takataka."

"Amekubali?"

"Amekubali. Zimerudi zote."

Roine alifumba macho. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe stakabadhi niiweke kwenye faili."

Alimpa. Roine alivaa miwani, akaikunjua chini ya taa, na Carita akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja, cha pili, akisikia mwili wake umelegea kwa uchovu.

"Mbona ameandika hivi?"

"Vipi?"

Roine alisoma polepole, kidole chini ya mstari. "Lenzi imetumika, asubuhi ya Lucia. Nimeipokea nikijua. Arudishiwe zote." Aliinua macho. "Carita, Holger alijua?"

Carita alirudi kwenye jiko, akafungua mlango wake kwa mkono mtupu bila kuhisi moto, akachutama akatazama ndani, ingawa alijua vizuri kwamba hakuna kitu.